Hodi ya Kifuani

Msusi alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa cha mwalimu wa hesabu na ndiyo kwanza anaingia kisogoni, hodi ilipogongwa tena.

"Karibu," mwalimu akaitikia. Mlango wa saluni ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu.

"Samahani," msusi akasema. "Inatoka huku kwangu, kifuani."

Mwalimu akasogeza sikio. Ilikuwa hodi ya adabu, ya kidole kimoja. Akasema dada yake naye aliwahi kuwa na paka aliyelia mgongoni, akasaidiwa na mshauri nasaha mmoja msikivu sana. Msusi akaandika namba kiganjani kwa penseli ya nyusi.

Hodi ile alikuwa nayo tangu utotoni, ila mwaka huo ilizidi. Mumewe alishahamia chumba cha pili, si kwa ugomvi, bali kwa kukosa usingizi.

Siku ya mapumziko akapiga simu. Kwanza akauliza kama lazima mtu awe mwendawazimu.

"Si lazima," mshauri akajibu.

"Na kochi? Ni lazima nilale?"

"Kaa unavyotaka. Wengine huzungukazunguka."

"Nani mwingine atajua?"

"Hakuna, labda nihofie kwamba mtu atadhurika. Hata hapo nitakwambia wewe kwanza."

"Nikikosa la kusema je?"

"Tutakaa tu, mimi sina haraka. Na ukiona hatuivi chungu kimoja, niambie. Nitakutafutia mwingine, wala sitanuna."

Msusi akamweleza habari ya hodi. Mshauri akauliza kama hodi hiyo hubishwa kwa mkono au kwa mguu, kisha akampangia saa moja kila wiki.

Chumba cha mshauri kilikuwa juu ya duka la vioo: viti viwili, feni, jagi la maji. Mwanzoni msusi alipiga soga za wateja na mafuta ya nywele, mshauri akasikiliza yote. Ikafika wiki soga zikamwishia. Akasema kwamba mama mkubwa aliyemlea alikuwa akimfungia stoo kila alipokosea. Alibisha, na waliokuwa sebuleni walimsikia. Wakaongeza sauti ya televisheni.

"Na sasa anayebisha ni nani?" mshauri akauliza.

Msusi akafikiri. "Karibu," akasema.

Kifua kikafunguka taratibu kama blauzi, bila maumivu, akatoka msichana mdogo mwenye gauni lililomfupikia na masizi magotini. Mshauri akammiminia maji. Akanywa yote, akaomba tena. Msusi akalia, kilio cha mtu aliyetua mzigo, akasikia mbavu zake zina nafasi. Saa ilipokwisha, mshauri akasema wiki ijayo waje wote wawili, ada ni ileile.

Jioni hiyo mumewe akarudisha mto wake.

Mwisho wa mwezi mama mkubwa akaja kusukwa. Akamwona mtoto kwenye kigoda.

"Wa nani huyu mwenye macho makavu?"

"Ndiye mliyekuwa mkimfungia stoo, mama mkubwa."

Mama mkubwa akamtazama mtoto, kisha akajitazama kwenye kioo. "Stoo ipi? Nyumba ile haikuwa na stoo. Mimi niliwalea wote sawa. Hapo mbele nibane vizuri."

Msusi akambana vizuri. Alipomaliza akamfuta shingo kwa taulo. "Mwezi ujao mtafute msusi mwingine, mama."

Kabla jua halijazama, ukoo mzima ulishapiga simu. Kaka yake akamtaka aombe radhi, binamu akasema anawaaibisha. Hakuna aliyeuliza habari za mtoto. Msusi hakuomba radhi, na wao hawakuomba. Akazima simu, na mabega yakashuka yenyewe.

Mtoto akauliza kama chumba atakacholala kina komeo kwa nje. Msusi akaenda kutazama. Lilikuwepo. Akachukua bisibisi, akaling'oa, akampa alichezee.