Kwa Ella, Muuza Mawese

Mwanvua alisimamisha cherehani yake. Ng'ambo ya barabara, pale sokoni Mwanga, mchumba wake Elikana alikuwa ameinamia tena meza ya Ella, binti wa Kirundi aliyetoka kambi ya wakimbizi na sasa anauza mawese. Walinong'ona, wakacheka, kisha Ella akampa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Tangu lini mawese yakafungwa kwa gazeti? Wivu ulimdunga Mwanvua kama mwiba wa samaki mgebuka.

Elikana alipofika barazani kwa Mwanvua hakupewa hata salamu.

"Fungua hicho, au nikufungulie mbele ya soko zima!"

Akafungua, macho chini. Zilikuwa kondomu.

"Kumbe! Zako na yeye?"

"Zetu, Mwanvua. Kule kambini Ella alifundishwa kuzigawa. Duka la dawa ni la mjomba wako. Nikinunua pale, jioni ukoo mzima unajua. Na wewe nikikutajia, utasema nakuona malaya."

Kweli, angesema hivyo. Lakini kilichomchoma ni kwamba maneno ambayo Elikana aliogopa kumwambia yeye, aliweza kuyachekea na mwanamke mwingine.

Akajifunga kanga kiunoni, akavuka barabara.

"Ella, kuanzia leo kondomu za Elikana nitazichukua mimi!"

Wauza dagaa waligeuka. Maishani mwake Mwanvua hakuwahi kulitamka neno lile.

"Karibu, dada," Ella alitabasamu. "Nikuoneshe zinavyovaliwa?"

"Nioneshe. Ila yeye usimwoneshe tena."