Kiganja Chako Juu ya Ganzi

Mwanga wa dirishani ulinilalia kifuani, na kifua hakikuwa na habari. Mkononi niliusikia, vuguvugu. Shingoni niliusikia. Kifuani, ganzi.

Walinipasua ubavu, wakatoa kipande cha pafu kilichoharibika. Kisha wakaniachia mrija mgongoni, mwembamba kama uzi wa cherehani, ukinidondoshea dawa ya ganzi usiku na mchana. Mimi ni fundi nguo. Nesi alipobadilisha bandeji niliuona mshono wangu, na nakwambia, mke wangu, mteja angeurudisha. Nilicheka peke yangu. Haukuuma. Hakuna kilichouma.

Ukaja, ukaweka kiganja chako juu ya bandeji. "Unakisikia?" Nikasema nakisikia. Sikusikia kitu. Nilikitazama tu, kama mtu anavyotazama mkono uliowekwa juu ya ukuta wa jirani.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na kipande cha barafu. Nesi alikuja nacho, kama kila asubuhi, kupima dawa imefika wapi. Akakigusisha begani. "Baridi, baba?" Baridi. Chini ya titi? Ganzi. Ubavuni? Ganzi. Nawe umekaa palepale. Ulikitazama kiganja chako, ukakificha ndani ya mtandio.

"Ungeniambia tu," ulisema.

"Haya, kohoa," nesi akasema. "Dawa hii tumekupa ukohoe bila maumivu, si ulale. Usipokohoa, makohozi yatajaa pafu lililobaki, na hapo sitakuficha, tutakupoteza."

Sikukohoa. Niliyasikia maneno yale kama habari za mtu mwingine. Sikuogopa kufa, na hata hilo halikunishtua. Barafu ya nesi haikufika moyoni, lakini huko nako, ganzi.

Ukachukua mto, ukanikumbatisha, ukaukandamiza kwa viganja vyote viwili. Ulikuwa unalia, na machozi yalidondoka kifuani pangu bila mimi kuyasikia.

"Kohoa, baba watoto. Mimi nimeshika."

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa sababu uliniomba, si kwa sababu nilitaka. Siku zikapita hivyo, mimi na wewe na mto.

Leo wamechomoa mrija. Mwanga umerudi palepale kifuani: kwanza vuguvugu, halafu moto, halafu kama kisu. Umekiweka kiganja chako kwa woga, kidogo tu.

"Inauma?"

"Inauma sana."

Ukataka kukiondoa. Nimekishika hapohapo.