Sindano za Shoka

Soko zima lilimwita Shoka kwa sababu ya mkono wake. Paja zima la ng'ombe alilipandisha kwenye ndoano peke yake, kisha akageuka kumtania mteja kana kwamba ametundika kofia. Mkewe aliujua mkono huo kwa namna nyingine. Aliujua kwa shavu, kwa mgongo, na mara moja kwa jino lililobaki sakafuni jikoni. Majirani walisikia, wakafunga madirisha. Ya mke na mume hayaingiliwi, walisema.

Halafu uzee ukabisha hodi. Shoka alipovuka hamsini na tano, nguvu zilianza kumvuja kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alirudi kutoka buchani hoi, akasinzia na kijiko mkononi. Tumbo likamchomoza, mikono ikanywea. Kitandani alimgeuzia mkewe mgongo, wala hakusema kwa nini. Hasira nazo zikamwisha. Jioni moja alisikia redioni habari za mtoto aliyepotea akapatikana, machozi yakamtoka. Mkewe alimpa leso, naye akaipokea akisema, "Asante, mama watoto."

Tangu waoane hakuwahi kumwambia asante.

Mwanamke akaanza kulala usingizi wa kushiba, na kuimba akifua. Dada yake alipomuuliza siri ya kunawiri kwake, alicheka. "Mume wangu amezeeka, dada. Mungu hamtupi mja wake."

Lakini iliyokuwa asali kwa mke ilikuwa shubiri kwa mume. Siku paja lilipomponyoka na kuanguka vumbini mbele ya wateja, muuza nyama wa kibanda cha pili alipaza sauti: "Shoka limekuwa butu! Tafuteni tupa!" Soko likaangua kicheko. Shoka alicheka nao, akazunguka nyuma ya bucha, na siku hiyo hakurudi mezani.

Mkewe ndiye aliyemsindikiza hospitali. Daktari, mama mmoja mtulivu mwenye miwani, alimpima damu asubuhi mbili tofauti kabla ya kusema lolote.

"Baba, homoni ya kiume hupungua taratibu kadiri umri unavyosogea. Yako imeshuka kupita kawaida. Zipo sindano, lakini si za kuchezea. Zinaweza kuifanya damu iwe nzito, kwa hiyo tutaipima mara kwa mara, na tezi dume vilevile." Akamgeukia mke. "Mama, wewe ndiye jicho langu nyumbani. Kichwa kikimgonga, macho yakiona ukungu, mlete saa hiyohiyo. Usingoje kesho."

"Nimesikia, daktari."

Mwanzoni ilikuwa neema. Shoka aliamka mapema, akapiga mluzi akinyoa ndevu. Kitandani akamgeukia mkewe, naye mke akajiambia kwamba labda safari hii atapata yote mawili, nguvu na upole.

Shoka hakuridhika na kipimo cha daktari. Kwenye ukumbi wa kunyanyua vyuma palikuwa na mwalimu wa mazoezi aliyeuza sindano kama hizo kwa kificho, bila maswali. Akawa anachoma za huku na za kule. Aliporudi kupimwa, daktari alimwambia damu imekuwa nzito mno, asimamishe sindano mara moja. Shoka aliitikia kwa adabu zote. Walipofika nje akatema mate.

"Anataka nirudi kuwa bibi kizee? Thubutu!"

Nguvu zilipozidi, zikaja na mwenzao wa zamani. Kwanza sahani ilipaa ukutani kwa sababu ya chumvi. Kisha mkewe akajaribu kumsihi. "Baba watoto, daktari alisema…" Hakumaliza. Alipoinuka sakafuni sikio lilikuwa likivuma, na Shoka amesimama akiitazama ngumi yake. Hakuitazama kwa majuto. Aliitazama kwa furaha, kama mtu aliyekutana na ndugu aliyedhani amekwisha kufa.

Mchana wa Jumapili iliyofuata aliingia ndani macho mekundu, akajibwaga kitini na kushika kichwa kwa mikono miwili.

"Kinapasuka, mama watoto. Na jicho hili naona ukungu mtupu. Nifanyeje?"

Mkewe alikuwa akikunja nguo. Maneno ya daktari yalimjia waziwazi, moja baada ya jingine. Ng'ambo ya barabara teksi zilikuwa zimejipanga, madereva wakipiga soga. Angepunga mkono tu dirishani. Akakunja shati, akaliweka juu ya jingine. Shavu lilikuwa bado linamuuma.

"Ni jua hilo," alisema. "Lala kidogo, kitapoa."

Akamvua viatu, akashusha pazia, akaurudisha mlango polepole.

Jioni Shoka aliamka mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa na ulimi hauna neno. Kiharusi, walisema hospitali. Alirudishwa nyumbani amebebwa. Tangu hapo mkewe alimlisha uji, akamwogesha, akamgeuza asipate vidonda, na majirani walewale waliofunga madirisha wakaja kumsifu. Mke ni huyu, walisema.

Binti yao mshonaji alifunga cherehani yake, akaja kumsaidia mama. Siku moja alirejea na dawa kutoka hospitali, akakaa kando ya kitanda.

"Mama, daktari anauliza, baba hakulalamika kichwa siku ile? Maana anasema alikuonya."

"Hakusema kitu. Alilala tu."

Shoka alisikia. Alimkazia mkewe macho, kinywa kikafunguka, ikatoka sauti ndefu isiyo neno. Mkono wa kushoto ukapapasa shuka.

Binti akaushika. "Anasemaje, mama?"

"Anataka maji."

Akaenda jikoni kuyaleta. Alijaza bilauri, akaiweka mezani, akasimama akiitazama. Huku nyuma ile sauti iliendelea, na binti akabembeleza: "Yanakuja, baba, yanakuja." Mama hakulia. Alikaa kule jikoni muda mrefu kuliko bilauri moja ya maji inavyohitaji.