Turubai la Ardis

Mimi nina uke wenza na marehemu, na marehemu hana hata adabu ya kuzeeka. Ardis, mke wa kwanza wa Duane, alifariki Mei. Januari Duane akanioa, na watu wa mji wetu wa Minot wakasema udongo wa kaburi haujakauka. Waseme. Mimi nilichotaka ni mume mzima, si nusu.

Aprili theluji ikayeyuka, na lori letu likaishiwa nguvu. Kwenye tambarare linakwenda, lakini likipanda kilima na shehena ya ngano linatweta mpaka matrekta yanatupita. Duane akaanza kusema atalipiga bei. Tukalipeleka kwa Verl, fundi wetu, kaka yake Ardis. Mpaka leo Verl anamwita Duane shemeji. Mimi ni Bi Marlys.

Verl akabadilisha chujio la dizeli. Akapaka maji ya sabuni mipira ya turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, atafute panapovuja, hakuona povu. Chujio la hewa lilikuwa safi, ekzosi haijaziba.

"Shemeji, injini hii haina ugonjwa," akasema akifuta mikono. "Labda uzee tu."

"Uzee wako wewe!" Duane akamjibu.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya lori, natazama turubai la baridi. Kila dereva wa huku hulifunga mbele ya rejeta baridi ikianza, ili injini ishike joto, na hulivua theluji ikiondoka. Letu bado lilikuwa limebana, vifungo vyote, na katikati limetariziwa jina kwa uzi mwekundu: Ardis. Alilishona kwa mkono wake. Tangu harusi nimepanda lori lenye jina la mwanamke mwingine kifuani, na roho ikiniuma.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema. "Rejeta haipati upepo, feni haipumziki, hewa inaingia ya moto, injini inajipunguzia nguvu isiungue. Vueni hilo turubai."

Wakatazamana kama watoto waliofumaniwa wakilamba sukari.

"Bi Marlys, hilo ni la dada yangu," Verl akasema.

"Najua ni la nani! Hata ningekuwa kipofu ningelipapasa nikasoma. Duane, livue. Kwa mkono wako, si wangu."

Duane akalisogelea lori. Nikajiambia, asipolivua leo, basi mimi katika nyumba ile ni mpangaji. Akafungua kifungo kimoja, akafungua cha pili, mpaka likamwangukia mikononi. Nilifurahi vibaya sana, sikuficha. Nilijiona nimeolewa siku hiyo.

Tukapanda kilima cha kusini na ngano ileile. Lori likavuta bila hata kushusha gia. Duane akacheka kwa sauti, nami nikamshika bega.

"Unaona? Ungeniuliza mapema, mume wangu."

"Sijawahi kulivua mimi," akasema, macho barabarani. "Kila mwaka alikuwa akilivua yeye. Nadhani nilikuwa namngoja."

Mkono wangu ukashuka wenyewe. Turubai lilikuwa mapajani pangu, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuliweka, na injini ilikuwa inanguruma kwa raha zake.

"Lishike vizuri, mke wangu," akaniambia kwa upole. "Lisichafuke."

Nikalishika.