Mkono Ndani ya Mfuko

Ijumaa, tarehe 19 Januari 2018. Asubuhi hiyo Ahmedabad iliamka na baridi kavu na ukungu mwembamba wenye harufu ya moshi, na jua lilipochomoza lilikuwa jeupe, halina nguvu ya kumpasha mtu joto. Nyuzi za tiara zilizorushwa kwenye sikukuu ya Jumapili iliyopita zilikuwa bado zimenasa kwenye uzio wa viwanja vya tenisi, na kila upepo ulipopita zilimeremeta kidogo.

Kalindiben alikuwa hajakaa bado alipoambiwa kwamba refa mkuu anamwita ofisini. Alijua kuna jambo. Mlinzi wa mlangoni, ambaye wiki nzima alikuwa akimwamkia kwa jina la Krishna, leo aliutazama kwanza mkono wake wa kulia, kisha ndipo akamtazama usoni. Mkono huo ulikuwa ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa cha njano, wenye kamba ya kuvaa shingoni, kama kila siku tangu alfajiri, vidole vikisogeza tasbihi punje moja moja. Tasbihi ya mtu haianikwi mbele za watu, na mfuko kazi yake ndiyo hiyo.

Refa mkuu alikuwa mama wa Kerala aitwaye Tessy, mpole wa sauti na mgumu wa sheria. Alieleza kwamba usiku kulikuwa kumeletwa malalamiko. Mtu fulani alidai kwamba Kalindiben humpa binti yake Rutvi ishara wakati wa mchezo, na kwamba ndani ya mfuko ule huenda mna chombo. Sheria inakataza mchezaji kuelekezwa akiwa uwanjani. Wakithibitisha, Rutvi atakatwa pointi, kisha gemu, kisha atatolewa kabisa. Na leo ilikuwa nusu fainali. Atakayeshinda angepata pointi za kutosha kwenda Ulaya majira ya joto, kwenye mashindano makubwa ya vijana. Kwa Rutvi, ambaye umri wa kucheza na vijana ulikuwa unamwishia, mwaka mwingine haukuwepo.

Kalindiben aliufungua mfuko juu ya meza. Ilikuwa tasbihi tu, ya vijiti vya mrehani, imelainika kwa miaka ya vidole. Mama Tessy aliona haya, akausukuma mfuko urudi kwa mwenyewe.

"Lakini lazima niulize," alisema. "Unampa mwanao ishara?"

"Kwa jina la Krishna, sijawahi."

Alikula kiapo hicho mbele ya Mwalimu Rohinton, kocha wa Rutvi, Mparsi mzee aliyekuwa amemsindikiza. Walipotoka nje kocha alijaribu kumchekesha, akamwambia kwamba kama angekuwa na kipaji cha kutoa ishara angemwajiri zamani. Kalindiben hakucheka. Alikuwa anapitisha nyuso akilini, akimtafuta aliyemchongea.

Hakuhitaji kutafuta sana. Mtu aliyekaa karibu naye kila siku alikuwa mmoja tu, Sharmishtha wa Kolkata, mama yake Anvesha. Wasichana wao walikuwa wakicheza pamoja wawili wawili tangu wakiwa wadogo, ingawa leo kila mmoja alikuwa upande wake wa wavu. Jana jioni tu akina mama hao wawili walikula chapati za uwatu kutoka kopo moja, na Sharmishtha akauliza, kama mtu anayependa dini, eti kwa siku anazungusha tasbihi mara ngapi. Kalindiben alikuwa amefurahi kuulizwa. Sasa swali lile aliliona lina mkia.

Mchezo ulipoanza, Sharmishtha alikuja akakaa akiacha kiti kimoja kitupu katikati yao. Alitoa simu, akaiinua. Kamera haikuelekea uwanjani.

"Dada Sharmishtha, wanaocheza wako kule," Kalindiben alisema.

"Nawaona."

"Basi mkono wangu ndio unaoupiga picha?"

"Mkono wenyewe hauonekani, Kalindiben. Hilo ndilo tatizo."

Kisha, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie, Sharmishtha alitoa yote. Alisema amekuwa akitazama tangu mashindano ya Delhi, tangu yale ya Pune. Anvesha akianzisha mpira kutoka mwisho wa kule mbali, anashinda kama kawaida yake. Akianzisha kutoka mwisho huu, mbele yao, Rutvi akiwa ng'ambo ya wavu amemwelekea mama yake, mambo yanaharibika. Rutvi huondoka kuelekea kushoto hata kabla raketi haijagusa mpira.

"Nani anamwambia?" Sharmishtha aliuliza.

"Labda Mungu."

"Mungu wako anakaa upande mmoja tu wa uwanja?"

Kalindiben aligeuza uso. Alijaribu kuomba, lakini neno lile lilimkaa rohoni kama mfupa wa samaki kooni. Rutvi aliichukua seti ya kwanza kwa sita tatu, na gemu zote mbili alizomnyang'anya Anvesha zilichezwa mwisho huu.  Sharmishtha aliigeuza tu simu kidogo, picha ishike na mkono na uwanja.

Hapo Kalindiben aliamua kumwaibisha. Angejitazama mwenyewe kwa makini, kitendo kwa kitendo, ili mwisho wa mchezo amwambie yule mama machoni, nimejichunguza na sina doa.

Alichokiona hakukitarajia. Anvesha aliposimama mbele yao kuanzisha mpira, mgongo wake ukiwaelekea, mguu wake wa nyuma ulisogea ndani kidogo. Kabla Kalindiben hajawaza lolote, vidole vyake viligota kwenye punje moja na mfuko ukapanda hadi kifuani. Mpira ukaenda kushoto kwa Rutvi, upande ule dhaifu tangu alipoumia kifundo cha mkono. Rutvi alikuwa ameshafika, akaurudisha.

Ilikuwa hofu tu, alijiambia. Mama gani hashtuki? Miaka minane ya kukaa viwanjani ilikuwa imemfundisha mguu ule bila yeye kujijua, na alipouona alishika kifua. Lakini sasa alianza kumtazama Rutvi pia. Msichana aliinama, akanyoosha nyuzi za raketi kwa vidole, kisha akainua macho. Watu wote wangesema anamtazama mpinzani. Kalindiben alimzaa, na alijua macho yale yalikuwa yamepita juu ya bega la Anvesha yakatua kwenye mfuko.

Mwanangu, alisema ndani kwa ndani, usiwe wewe.

Seti ya pili, Anvesha aliporudi mwisho huu, mguu wa nyuma ulibaki nje. Mpira ungekwenda kulia. Kalindiben aliinua mfuko hadi kifuani. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutoa ishara kwa kukusudia, na ilikuwa ishara ya uongo.

Rutvi aliruka kushoto. Mpira ulipita kulia kwake, mbali, akabaki amesimama kama mtu aliyefungiwa mlango.

Huenda ni bahati mbaya. Kalindiben alingoja pointi nyingine. Safari hii mguu uliingia ndani, na yeye aliukandamiza mfuko magotini kwa mikono yote miwili, meno yameumana. Rutvi hakusogea. Mpira ulipita kushoto kwake. Msichana aligeuka akatazama pale ulipotua, halafu akamtazama mama yake moja kwa moja, bila kujificha, kwa uso wa mtu aliyesalitiwa.

Sharmishtha alikuwa ameshusha simu. Hata yeye alikuwa ameona, lakini hakuelewa alichokiona.

Rutvi aliipoteza seti ile. Seti ya tatu ilipokuwa inaanza, Kalindiben aliinuka, akaenda kumtafuta refa mkuu.

"Mama Tessy," alisema, "kile kiapo cha asubuhi nakirudisha."

Alisimulia yote, pamoja na jinsi alivyomdanganya mtoto wake kwa mfuko. Mama Tessy alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza kama hapo nyuma alikuwa akikusudia. Kalindiben alifungua mdomo kusema hapana, na hapana ikakataa kutoka. Je, mkono wake haukujua kweli? Mbona kila mashindano alichagua kukaa nyuma ya mstari wa mwisho wa uwanja, na siyo pembeni kwenye kivuli pamoja na wenzake? Alikuwa akisema ni kwa sababu ya utulivu wa kuomba.

"Sijui," alijibu. "Naweza kuapa kwa mambo mengine. Kwa hili siwezi."

Mama Tessy alifikiri. Mwishowe alisema hawezi kumkata msichana pointi kwa sababu ya hofu ya mama ambayo mama mwenyewe hana hakika nayo. Mchezo uendelee, ila yeye akae mahali ambapo hataonekana. Mengine yangezungumzwa baadaye.

Kwa hiyo seti ya mwisho Kalindiben aliisikia tu, amesimama nyuma ya ukuta wa chumba cha vifaa. Alisikia mipira, viatu, makofi ya hapa na pale. Alitaka kuomba ila kila punje aliyoigusa aliiona kama neno analompelekea mtu kwa siri, akautoa mkono mfukoni ukabaki unaning'inia, haujui uwekwe wapi. Seti ilirefuka. Mara mbili alisikia kocha akimpongeza Rutvi kwa makofi. Kisha mipira ilinyamaza, na sauti ya kwanza ya furaha iliyomfikia ilikuwa ya Kibengali, lugha ya kwao Sharmishtha.

Saba tano. Ulaya ilikuwa imekwenda.

Aliwakuta kwenye benchi kando ya uwanja. Anvesha alikuwa anakunywa maji, na Sharmishtha alikuwa amesimama nyuma yake. Mwalimu Rohinton alikuwa ameinama akikunja taulo ambalo halikuhitaji kukunjwa. Rutvi hakuwa amelia.

"Ulihama," alimwambia mama yake.

"Ulikuwa unanitazama."

Msichana alivuruga nyuzi za raketi.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu nilipoumia mkono." Aliweka raketi chini. "Nilidhani unajua, Mama. Nilidhani tumekubaliana, basi tu hatusemi."

 Kalindiben alikuwa amejiandaa kumkemea, na sasa hakujua ni nani wa kukemewa. Mama Tessy alikuwa amefika na karatasi ya malalamiko. Sharmishtha, ambaye mwanawe alikuwa ameshashinda, alisema kwa haraka kwamba mambo yaishe, yeye anayafuta, wao ni watu wa kula pamoja.

"Usiyafute, dada," Kalindiben alisema. "Ulisema kweli. Nilikuchukia asubuhi nzima kwa sababu hiyo."

Sharmishtha alitazama chini. "Mimi nilidhani ni simu," alisema. "Au kengele fulani. Sikudhani ni hofu tu."

"Sasa niandike nini hapa?" Mama Tessy aliuliza.

Kalindiben aliuvua mfuko shingoni, akaukabidhi kwa Rutvi, mkono wake ukabaki mtupu mbele ya watu wote.

"Andika kwamba nimesema hivi, na hawa wamesikia. Nitaomba nyumbani kabla hatujatoka. Uwanjani sitakaa tena mahali ambapo mwanangu ananiona, mpaka mpira wa mwisho uwe umepigwa, ashinde au ashindwe. Na wewe, dada Sharmishtha, ukiniona siku yoyote nimevunja ahadi hii, usiende ofisini usiku. Njoo unishike mkono palepale, watu wote wakiona."