Klabu ya Ngumi ya Mwalimu Hhando

Mimi nilikuwa sitaki. Naanza na hilo kabisa, mtu asije akadhani nilikuwa mke mwema wa kumuunga mume mkono kwa kila wazo. Hhando aliporudi nyumbani siku moja ya Februari, mwaka themanini na moja, akasema anaanzisha klabu ya ngumi pale shuleni kwetu Endamarariek, nilimtazama nikamwambia, "Baba Katarina, una homa."

"Sina homa."

"Basi una njaa. Kaa chini ule."

Sote wawili tulikuwa walimu. Yeye hesabu, darasa la sita na la saba. Mimi sayansi kimu, kupika na kushona. Na ngumi nilikuwa nazijua vizuri kuliko alivyodhani. Nilipokuwa msichana, vijana wa mashamba ya kahawa ya Oldeani walikuwa wanapigana kila Jumapili baada ya misa, na watu walitoka hadi Mbulu kwa miguu kuja kuwatazama. Ilikuwa raha, siwezi kudanganya. Halafu pombe ikaingia. Kaka yangu alipanda ulingoni na meno yote akashuka amepungukiwa mawili, na aliyeyang'oa hakuwa hata mpinzani wake, alikuwa mtazamaji! Padre akakemea, wazazi wakakataza, ngumi zikafa Karatu nzima. Mimi sikutoa hata chozi.

Lakini Hhando alikuwa amejifunza ngumi JKT, na zilimwingia damuni. "Mama Katarina," aliniambia usiku ule, "ngumi hazikufa kwa sababu ni mbaya. Zilikufa kwa sababu tuliwaachia walevi. Zikianza na watoto, shuleni, zikiwa na sheria, watu watazipenda tena. Utaona."

"Nitaona nini? Nitaona watoto wa watu wamevimba macho."

Akacheka. Huyo mwanamume akicheka mimi naishiwa maneno, ndiyo maana niliolewa naye. Mwezi haukuisha nikawa nimekaa kwenye cherehani ya shule, namshonea glovu. Madukani wakati ule hata sabuni hakuna, sembuse glovu, kwa hiyo nilikata magunia ya kahawa, nikayapigia bitana ya kaniki, nikajaza manyoya ya kondoo. Nilishona huku nimenuna. Nilihakikisha ananiona nimenuna.

Wakajiandikisha wavulana kumi na mmoja. Wazuri walikuwa wawili. Mmoja ni Felisiani, Mwiraqw wa hapa hapa kijijini, mfupi, mgumu, mikono myepesi. Mwingine ni Kaika, Mmasai wa Ngorongoro, ambaye alikuwa anakaa kwetu nyumbani. Babu yake, mzee Meitamei, alimleta mwaka uliotangulia akamkabidhi kwa Hhando, kwa sababu karibu na kwao hakukuwa na darasa la sita. Aliniachia mtoto na kibuyu cha maziwa, akaondoka bila kugeuka nyuma. Kaika alikuwa mrefu, mpole, mlaji. Nilimpenda. Nilimkaripia kila siku na nilimpenda.

Tatizo lilikuwa babu wa Felisiani. Huyo ni mzee Qamara, mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu ambaye hata mwalimu mkuu alikuwa anavua kofia akimwona kwa mbali. Aliposikia mjukuu wake anarusha ngumi, aliitisha kikao. Akamwambia Hhando mbele ya wazazi wote: "Mwalimu, hawa tuliwaleta kwako wajifunze hesabu. Unawafundisha uhuni."

"Si uhuni, Ndugu Mwenyekiti. Ni mchezo wenye sheria."

"Haya. Siku ya Saba Saba tuonyeshe hizo sheria. Wakipigana kwa sheria mwanzo mpaka mwisho, klabu ibaki, na mimi mwenyewe nitakwenda kuwasemea kwa shule za Karatu na Mang'ola waanzishe zao. Lakini sheria ikipindishwa hata mara moja, au nikiona mtoto amekosa adabu, glovu hizo utazichoma moto mbele yangu."

Basi Hhando hakulala vizuri tena. Mtu mzima wa miaka thelathini na nane, anakaa kitandani anahesabu moja mpaka kumi kwa sauti, anajizoeza uamuzi! Ndipo nilipoelewa kwamba kitu hiki si mchezo kwake. Aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa JKT, mtoto wa mkulima asiyejulikana na mtu, ngumi ndizo zilizofanya watu waulize jina lake. Alitaka watoto wetu nao waulizwe majina. Nikaacha kununa. Nilianza kumwombea, ingawa sikumwambia.

Siku ya Saba Saba watu walijaa uwanjani kuliko siku ya kipaimara. Kamba za katani kwenye nguzo nne, rimu ya gari imening'inizwa kwenye mti iwe kengele, na mzee Qamara kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya fimbo. Pambano la mwisho lilikuwa la Kaika na Felisiani, raundi tatu, na mwamuzi ni Hhando mwenyewe.

Jamani, walipigana vizuri wale watoto! Walipokezana makonde bila hasira, kengele ikilia wanaachana hapo hapo. Watu wakaanza kushangilia. Hata mabibi. Raundi ya tatu Kaika alikuwa anaongoza waziwazi, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi napiga kelele kwa namna ambayo mwalimu wa sayansi kimu hapaswi kupiga.

Ndipo watu wa upande wa barabarani wakapasuka katikati. Mzee wa Kimasai alikuwa anakuja na fimbo yake, vumbi limempanda mpaka magotini. Alikuwa mzee Meitamei. Alilala Rhotia njiani, akasikia shuleni kwa mjukuu wake kuna sherehe, akanyoosha moja kwa moja. Kamba alizinyanyua na kupita chini yake. Kwake yeye ile ilikuwa kamba tu, na ndani alikuwapo mtoto wake ambaye hakumwona mwaka mzima.

Kaika akamwona. Na Kaika akafanya kile ambacho mtoto yeyote wa Kimasai anafanya mbele ya mzee: alishusha mikono, akainamisha kichwa aguswe.

Konde la Felisiani lilikuwa limeshaondoka. Halirudishwi. Lilimpata Kaika shavuni akaanguka magoti mawili, puu! Lakini kichwa chake bado amekiinamisha, mbele ya babu yake. Mzee Meitamei akamwekea mkono utosini.

 Mwamuzi yeyote mwenye akili angesimamisha pambano hapo. Hhando wangu alimtazama mzee Qamara, akaitazama fimbo yake, na mdomo wake ukaanza kuhesabu.

"Moja. Mbili."

"Hhando!" nilipiga kelele. "Mtoto anasalimia!"

"Tatu. Nne."

Nilitamani kushuka nikampige mimi, bila glovu. Felisiani alikuwa amesimama kwenye kona, glovu usoni, analia. Kaika hakutikisika. Mkono wa babu nao haukutikisika. Hhando alihesabu mpaka kumi, kisha akainua mkono wa Felisiani. Mjukuu wa mwenyekiti! Watu wakazomea. Mtu akasema, "Si mnaona? Ngumi ni zile zile." Nikajua klabu imekwisha, na kilichoniuma ni kwamba imekwisha kwa woga wa mume wangu.

Mzee Qamara akasimama. Akaingia ulingoni polepole, akampa mkono mzee Meitamei, wakasalimiana. Wazee wa Kiiraqw na wa Kimasai wa rika lile walikuwa na mambo yao ya zamani ya kunyang'anyana ng'ombe, kwa hiyo hata waliokuwa wanazomea walinyamaza kutazama. Kisha akamgeukia Hhando.

"Mwalimu, kwa nini ulihesabu?"

Hhando angeweza kusema ni sheria. Nilidhani atasema hivyo. Alivuta pumzi akasema, "Niliogopa, mzee. Nilikuogopa wewe. Nilipaswa kusimamisha pambano, mzee huyu apishwe, mtoto amsalimie, halafu waendelee. Kosa ni langu. Choma glovu ukitaka, lakini watoto hawana kosa."

 Mzee Qamara aliinama kwa Kaika, ambaye shavu lilikuwa limeanza kuvimba.

"Wewe kijana. Konde lilikuwa kali?"

"Hapana, mzee."

"Ungeweza kusimama?"

"Ndiyo. Kwenye tatu ningesimama."

"Na uliona unashindwa mbele ya watu wote. Mbona hukusimama?"

Kaika alishangaa kuulizwa jambo lililo wazi hivyo. "Babu alikuwa hajaondoa mkono," akasema.

Mzee Meitamei Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hilo alilisikia. Akatazama mkono wake. Akatutazama sisi, akaitazama kamba, na nikaona anaanza kuelewa alikuwa ameingia wapi na ile hesabu ilikuwa ya nini. "Mimi nachelewesha yeye," akasema taratibu. "Mimi napenda sana. Mimi nasahau mkono." Macho yalimjaa machozi mzee wa watu, na mimi huku juu ya benchi nilikuwa nalia zamani.

 Mzee Qamara akawageukia wazazi, akasema kwa sauti ya kikao: "Nimeona ngumi za Oldeani miaka kumi. Sijawahi kuona bondia aliyekubali kushindwa kwa sababu ya heshima. Kama haya ndiyo Mwalimu anayofundisha, basi afundishe. Jumatatu nitakwenda Karatu kama nilivyoahidi. Na ninyi vijana, raundi haijaisha. Mzee mwenzangu, njoo tukae, tuwapishe."

Akamshika Meitamei mkono, wakatoka chini ya kamba pamoja, wakakaa kiti kimoja kwa sababu hakikuwapo kingine. Felisiani akafuta kamasi kwa glovu yangu. Kaika akamwambia kitu, wakacheka. Hhando alibaki katikati ya ulingo, mikono inaning'inia, hawezi hata kusema "anza".

Mimi nilishuka kwenye benchi, nikaenda kwenye ile rimu ya gari, nikamnyang'anya mpiga kengele nondo yake, nikaigonga kwa nguvu zangu zote.