Megan wa Zamu ya Mchana

Jumanne mchana klabu ya Kosta, kwenye barabara ya viwanda mjini Windsor, huuza samaki wa kukaanga na supu ya njegere kwa bei ya chini, na wateja huja kwa ajili ya samaki. Hivyo ndivyo wanavyowaambia wake zao. Wanakaa na kofia zao za kiwandani, wanakula, na mnenguaji anapovua kipande cha mwisho cha nguo jukwaani huacha kutafuna kidogo, kwa adabu.

Juniper alikuwa mnenguaji wa zamu hiyo kwa miaka mingi. Kucheza hakukumchosha. Kilichomchosha ni kiti. Akishuka jukwaani ilimbidi avae joho lake jepesi aketi na mteja, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Mmoja alitaka achekewe. Mwingine alitaka aulizwe habari za goti lake lililopasuliwa, na Jumanne inayofuata aulizwe tena. Wengi walitaka kuambiwa kwamba wao si kama wale wengine. Na wote, supu ikishapoa, walisogea karibu wakauliza: "Hilo Juniper ni la jukwaani. Jina lako hasa nani?"

Kwa swali hilo wanenguaji wana dawa yao. Kila mmoja ana jina la pili la uongo, amelificha chini ya la kwanza, na hulitoa kwa shida, akitazama mlangoni kama mtu anayeiba. La Juniper lilikuwa Megan. Megan alikulia shamba la nyanya huko Leamington. Alikuwa akisomea uuguzi. Hakuwahi kupata mwanamume wa kumsikiliza. Jina alilopewa na mama yake, Juniper aliliacha nyumbani kila asubuhi, juu ya friji, kando ya funguo za akiba. Hilo halikuwa la kuuzwa, na hapa pia halitatajwa.

Kosa lake lilikuwa kumtoa Megan yule yule kwa kila mteja. Wenzake hubadilisha. Mtu akitajwa mara nyingi namna hiyo, akaaminiwa na watu wazima wenye kazi zao, hana budi kuja.

Alikuja Jumanne moja ya Februari. Aliingia kwa mlango wa wafanyakazi, akakung'uta theluji viatuni. Alikuwa na sura ya Juniper bila uchovu wake, na alinukia majani ya nyanya. Mama Pauline, anayetunza chumba cha kubadilishia nguo, alimtazama, kisha akamtafutia msumari usio na koti.

"Wewe ndiye Megan?"

"Ndiyo, mama."

"Tundika hapo. Murray Rempel yuko dirishani. Kakungoja huyo mpaka kaota ndevu, kanyoa, zimeota tena."

Megan akaenda kwa Murray. Juniper akavua viatu virefu, akaweka miguu juu ya kiti cha plastiki, akala supu ikiwa bado ya moto.

"Kumbe ina nyama," alisema.

"Siku zote ina nyama," Mama Pauline alisema. "We ulikuwa unaikuta imegandana."

Ikawa hivyo. Juniper alicheza, Megan aliketi. Megan alicheka hata kile kichekesho cha padri na bata mzinga. Kosta, mwenye klabu, alichouliza tu ni kama Megan naye atakula bure.

Murray Rempel alikuwa mgane, msimamizi mstaafu wa kiwanda cha injini. Siku moja ya Machi alikuja na koti jipya la kike mkononi, akamwambia Megan chumba cha juu nyumbani kwake kimeshapakwa rangi, ahamie. Megan akasema ndiyo, kwa kuwa ndilo jibu lililotarajiwa, wakaondoka kwa pikapu. Juniper aliwatazama dirishani hadi walipokata kona, akashusha pumzi. Walioendelea kumwulizia Megan waliambiwa kahama. Walisononeka, wakamaliza samaki wao.

Theluji ilikuwa imeyeyuka Murray aliporudi. Megan alimfuata nyuma na lile koti. Zamu ilikuwa imekwisha, na Juniper alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba chao akivaa buti za kwendea nyumbani.

"Ulinidanganya," Murray alisema. "Huyu hana hapana. Nikimwuliza tule nini, ananiuliza mimi napenda nini. Nikinuna, ananuna. Juzi nikamwambia basi nitukane, kama marehemu mke wangu. Akanitukana vile vile nilivyotaka."

"Sasa si ulipata ulichotaka?"

"Nilitaka mtu wa kweli, Juniper."

"Mtu wa kweli angekutupia hilo koti."

Kosta alikuja akifuta mikono kwa taulo la baa. "Dada, mwombe radhi yaishe. Mteja wa siku zote huyu."

"Na aniambie jina lake," Murray alisema. "La kweli, safari hii."

"Haya, na jina. Usipofanya hivyo, Juniper, Jumanne usije."

Mama Pauline aliacha kukunja taulo. Wakati huo Megan alikuwa ameshaketi kwa mteja mwingine, mtu mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha, ambaye alikuwa amesukuma bakuli kando na kumsogelea. "Hilo Megan ni la hapa kazini," alimwambia. "Jina lako hasa nani?" Megan akatazama mlangoni kama mtu anayeiba, akamnong'oneza: "Juniper." Yule bwana akatabasamu, akashukuru kwa kuaminiwa.

Juniper alikaza kamba za buti. Buti zilikuwa pana, na vidole vyote vilipata nafasi. Nje bado kulikuwa na jua. Jina lake lilikuwa nyumbani, mahali alipoliacha.

"Siombi radhi," alisema. "Nipishe, Murray, umesimama mlangoni."